Kitunguu Chini, Soseji Juu

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne asubuhi, Carmen Vella alifika kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kununua kitu kidogo kuliko vyote vilivyouzwa humo: mpira wa bomba. Bomba la jikoni kwao lilikuwa likidondosha maji kwa wiki mbili, tone baada ya tone, na Nanna, bibi yake Mmalta aliyemlea, alikuwa ameapa kwamba likiendelea hivyo atahamia kanisani na godoro lake.

Mlangoni pa duka, kama kila Jumamosi, kulikuwa na hema, jiko la bati, na foleni ya watu wenye mbao na makopo ya rangi wakisubiri soseji. Mwezi ule zamu ya kuchoma ilikuwa ya Kwarara wa Tarrabin, klabu ya raga ya mtaa wao. Kwarara, mkazi yeyote wa Brisbane atakuambia, ni yule ndege mchafu mwenye mdomo mrefu anayechakura mapipa ya taka, na klabu ilikuwa imejitahidi kufanana na jina lake. Ilicheza ligi ya daraja la pili, ambako mchezaji Jumapili ni shujaa na Jumatatu ni fundi rangi. Ilikuwa imemaliza msimu nafasi ya nane, nafasi ya mwisho ya kuingia kwenye mtoano wa wiki nne, na haikuwa imeshika kombe kwa miaka thelathini na moja.

Carmen hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa na njaa tu. Alikuwa amevaa gauni la pamba la rangi ya limau na raba nyeupe alizozisugua asubuhi ile kwa mswaki wa zamani.

"Kitunguu?" aliuliza mchomaji.

"Ndiyo, tafadhali."

Mchomaji alikuwa na mabega ya kuziba mlango, aproni yenye maua, na ndani yake singlendi nyeupe pe. Akalaza soseji kwenye kipande cha mkate, akaichorea mstari wa sosi ya nyanya, kisha akamwaga kitunguu juu.

Carmen alikuwa mtu wa kukaa sinema nzima nyuma ya mwenye kofia bila kunung'unika. Kwa hiyo alishangaa kuisikia sauti yake mwenyewe. "Samahani. Kitunguu huwekwa chini."

"Chini ya nini?"

"Ya soseji. Kikiwa juu kinaanguka, watu wanateleza. Kuna tangazo."

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye meza, mbele kabisa ya tumbo la mchomaji. Kijana akainama kulisoma kichwa chini miguu juu.

"Dada yangu," akasema, "mimi mama yangu Msamoa. Kwetu kitu kitamu hakifichwi." Akatabasamu. Jino moja la mbele halikuwepo.

Carmen akapokea soseji yake, akageuka, na kitunguu kikaanguka. Raba nyeupe ikakikanyaga. Mguu ukaenda zake. Carmen akazunguka kama pia akitafuta cha kushika, akashika meza, na soseji, ambayo haikuwa na cha kushika, ikaruka ikatua kifuani pa kijana kwa kishindo cha kofi. Sosi ikatandaza ua jekundu kwenye singlendi, kuanzia shingoni hadi mbavuni.

Foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja.

"Sawa," kijana akasema taratibu. "Kitunguu chini. Nimeelewa."

"Mungu wangu! Nisamehe! Nitaifua! Nipe nikaifue!"

"Niivue hapa? Kuna watoto."

Carmen akawa mwekundu kuliko singlendi. Kijana akamtengenezea soseji nyingine, kitunguu chini safari hii, akamsogezea kwa mikono miwili kama anayetoa kombe.

"Naitwa Tavita. Leota. Siku za kazi mimi fundi bomba."

Carmen akautazama mfuko mdogo mkononi mwake, wenye mpira wa bomba ndani. "Carmen," akasema. "Mimi natengeneza meno."

"Meno? Ya nani?"

"Ya yeyote asiyekuwa nayo." Macho yake yalikwenda kwenye lile pengo, yakakimbia, yakarudi. "Na kinga za meno, za wachezaji. Yako ikoje?"

"Naazima ya kaka yangu."

"Unaweka mdomoni kinga ya mtu mwingine?" Uso wake ulijaa uchungu wa kweli, na hapo ndipo Tavita Leota, kilo mia moja na kumi na mbili, alipopotea.

*

Jumapili Kwarara walisafiri kwenda kupigwa na timu iliyoongoza ligi. Hawakupigwa. Walishinda kwa pointi mbili, na mwisho wa mchezo Mzee Merv Duggan, mtunza jezi, alipokuwa akikusanya nguo chafu, alimwona Tavita akivua jezi na kubaki na singlendi yenye ua kubwa la sosi.

"Hiyo ni damu?"

"Sosi, mzee. Sikuwa na nyingine safi. Kuna msichana alinimwagia jana."

Merv akakaa juu ya kikapu cha nguo. Alikuwa ametunza jezi tangu kombe la mwisho, na katika miaka hiyo thelathini na moja alikuwa ameamini bahati ya soksi, sarafu, chura mmoja, na wimbo fulani ambao hauruhusiwi kuimbwa basini. "Usiifue," akanong'ona.

"Inanuka, mzee."

"Usiifue! Na Jumamosi doa lirudishwe upya. Kwa mkono uleule."

Timu ikapiga kura papo hapo. Kura kumi na sita dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya Tavita, ambaye hata hivyo moyoni alikuwa anashangilia. Kama timu nzima inakuamuru ukamwone msichana unayetaka kumwona, utabisha mpaka lini?

Jumatatu akapiga namba ambayo Carmen alikuwa amemwandikia kwenye karatasi ya soseji.

"Carmen? Ni Tavita. Wa kitunguu."

"Imetoka?"

"Nini?"

"Sosi."

"Aa... bado bado. Nilitaka kuuliza, lile bomba ulilifunga?"

"Nililifunga. Sasa linamwaga kabisa."

"Nakuja."

Alikuja na boksi la vifaa na keki ya nazi kutoka kwa mama yake. Alilala chali chini ya sinki dakika kumi, na Nanna akasimama juu yake muda wote, mikono kiunoni.

"Huyu," Nanna akasema Tavita alipoondoka, "amepangusa viatu bila kuambiwa."

Jumatano zamu ikawa ya Carmen, kumpima kinga ya meno. Tavita aliketi kwenye kiti cha karakana yao ndogo nyuma ya zahanati ya meno, magoti yakigusa ukuta, na Carmen, akiwa na koti jeupe na nywele zilizofungwa kwa kalamu, akakoroga udongo laini wa rangi ya waridi, wa kuchukua alama ya meno.

"Uma hapa. Usitikisike. Usiongee. Dakika tatu."

Tavita akauma. Carmen akatega saa, akakaa mikono mapajani. Saa ikahesabu. Na kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa mbele ya mwanaume mzuri ambaye hakuweza kumjibu chochote, maneno yakaanza kumtoka kama maji ya lile bomba.

"Mimi siongei sana. Watu hudhani najivuna. Siyo. Naogopa wakinijibu. Chuoni waliniita Kabati. Lakini wewe... tangu Jumamosi nimekula soseji nne. Mimi huwa sili soseji. Ulipolala chini ya sinki nilitamani kuwe na bomba jingine bovu." Akaitazama saa. "Imebaki nusu dakika. Usinitazame."

Tavita alitazama dari. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, kwa kiasi fulani kwa sababu ya udongo. Saa ikalia, Carmen akautoa udongo mdomoni kwa ustadi, na kabla Tavita hajasema lolote akamwekea kidole mbele ya midomo.

"Hukusikia kitu."

"Sikusikia kitu, bosi," akasema Tavita. "Ila zahanati hii ina bomba moja hapo nje, nimeliona, halinifurahishi hata kidogo."

Carmen akacheka hadi kalamu ikaanguka kutoka nyweleni. Kisha akafungua daftari la miadi. "Jino lako nitakuwekea msimu ukiisha. Sasa hivi watalivunja tena. Jumatatu baada ya fainali, saa nne. Nakuandika."

"Fainali hatutafika."

"Basi utakuja ukiwa na huzuni. Saa nne ileile."

*

Jumamosi ya pili Tavita alimngoja hemani katika singlendi isiyofuliwa. Carmen alipofika na soseji mkononi, alimsogelea, akasimama karibu mno, akainua mkono kuonyesha ndege angani ambaye hakuwepo, na kiwiko chake kikafanya kazi yake.

"Tena!" Carmen akalia. "Mimi nina mkosi!"

"Hapana, mpenzi. Huna hata kidogo."

Alisema "mpenzi" bila kupanga, na wote wawili wakalisikia. Ndiyo maana Carmen hakuona wachezaji watano nyuma ya hema wakikumbatiana. Wala hakumwona Mzee Merv akitazama juu na kushukuru.

Jumapili wakashinda. Jumamosi ya tatu Tavita akajikwaa, sosi ikamwagika. Jumapili wakashinda tena, na mtaa mzima ukaingia wazimu. Watu walitundika bendera za kwarara kwenye mapipa ya taka. Kila jioni simu ililia nyumbani kwa Nanna.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Umekula nini?"

"Mwambie pasta!" Nanna alipiga kelele kutoka chumbani. "Mwambie na usikate simu, mimi nasikiliza!"

Mara tatu Tavita alijaribu kumwambia habari ya singlendi. Mara ya kwanza alianza na "Kuna kitu cha kijinga," Carmen akasema naye ana kitu cha kijinga, akamwonyesha kinga ya meno aliyomtengenezea: nyeupe na nyeusi, na ndani, mahali pa jino lililokosekana, kijindege kidogo. Baada ya hapo nani angeweza kuendelea? Mara ya pili na ya tatu aliogopa tu. Uwanjani aliingia bila kufumba macho katikati ya watu kumi na watatu waliotaka kumvunja, lakini maneno haya yalimshinda.

Ijumaa kabla ya fainali, klabuni, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki ya sinia la nyama. Ukumbi ulijaa. Carmen alikuja katika blauzi ya bluu yenye vifungo vya lulu, akakaa karibu na Tavita, na tiketi yake namba themanini na nane ikashinda. Akapanda jukwaani. Merv, mwenye kipaza sauti na bia tatu tumboni, akampa sinia lenye chopsi, mbavu na soseji, kisha hakumwachia mkono.

"Mabibi na mabwana! Mnamjua huyu? Huyu ndiye Binti wa Sosi! Kila Jumamosi anammwagia Tavita wetu, kila Jumapili tunashinda! Tulipiga kura amweke karibu mpaka fainali, na kijana amefanya kazi nzuri! Makofi kwa Tavita!"

Makofi yakawa ngurumo. Carmen alimtazama Tavita, na uso wa Tavita ukamjibu kila kitu.

Alishuka jukwaani. Tavita akamfuata hadi mlangoni. "Carmen, ngoja. Haiko hivyo."

"Mlipiga kura?"

"Walipiga. Mimi nilikataa."

"Kiwiko chako hakikukataa."

"Carmen..."

"Mimi ni chupa ya sosi, Tavita? Kila wiki unanifinya, unanirudisha kwenye friji?" Akalivuta sinia kifuani. "Nilikuambia mambo. Kwenye kile kiti. Mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu."

Akaondoka akitembea kwa miguu, ameshika sinia la nyama kwa mikono yote miwili kama aliyebeba mtoto, kwa sababu hata katika hasira hakuwa mtu wa kutupa chakula. Usiku ule simu yake ililia mara kumi na tisa. Nanna akakaanga chopsi akasema tu, "Nyama ni nzuri. Inasikitisha."

*

Jumamosi hemani walimngoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Merv alitembea huku na huku.

"Basi mimi nitamwaga," akasema, akachukua chupa. "Mungu ataelewa."

"Weka chini, mzee," Tavita akasema.

Akavua aproni, akaingia dukani. Akatoka na ndoo mpya ya plastiki, bado ina lebo, na paketi ya sabuni ya unga. Akajaza maji kwenye bomba la ukutani, akaongeza ya moto kutoka kwenye birika la chai hemani. Kisha, mbele ya foleni, mbele ya timu, mbele ya bango lililosema KESHO NI SIKU YETU, akavua singlendi yenye wiki tatu za sosi na jasho, akaitumbukiza.

Merv alitoa mlio ambao watu waliokuwa ndani ya duka waliudhania msumeno.

"Tavi! Kaka, umerukwa na akili?" nahodha akafoka. "Ni fainali!"

"Najua ni fainali."

"Miaka thelathini na moja, mwanangu," Merv akasema, machozi yakimtoka waziwazi. "Mimi nina miaka sabini na tatu."

Tavita akasimamisha mikono ndani ya povu. Alimpenda yule mzee. "Kesho nitakuchezea mpaka nife, mzee wangu," akasema. "Lakini nitacheza na nguo safi. Yule ni mtu. Na mimi nampenda, tushinde tusishinde." Akaendelea kusugua.

Mtu mmoja kwenye foleni alirekodi video, na ilipofika saa saba mchana mtaa mzima ulikuwa umeiona. Carmen aliiona mara tisa. Mara ya kumi akapiga simu.

"Umetumia maji ya moto?" akauliza, bila salamu.

"Carmen! Ndiyo. Kidogo."

"Maji ya moto hugandisha doa. Sosi inataka maji baridi. Kila mtu anajua."

"Sikujua."

"Limebaki?"

"Limebaki la rangi ya machungwa hivi. Lakini huwezi kuliita sosi tena." Akavuta pumzi. "Sipokei simu hii kwa ajili ya kesho. Njoo au usije. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza na niliogopa. Nisamehe. Ni hilo tu."

Nyuma, sauti ya Nanna: "Mjibu, simu inatumia umeme!"

"Nitafikiria," akasema Carmen.

*

Alikuja. Alisimama na Nanna kwenye kilima cha nyasi nyuma ya goli, katika gauni lilelile la limau, na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi alinunua soseji kwenye mkate. Yenye sosi.

Kwarara walipokuwa wakipasha misuli, Tavita akamwona, akaja mbio hadi kwenye uzio. Kisha akaiona soseji, na akasimama hatua mbili kabla ya kufika. Carmen naye akaitazama. Nyuma ya Tavita, Merv alikuwa ameganda na chupa za maji mikononi, midomo ikisali. Sosi ilikuwa nyingi. Uzio ulikuwa mfupi. Ingetosha kutikisa kidole.

Carmen akauma. Akatafuna taratibu, akimtazama Tavita usoni. Akauma tena. Aliila yote, hadi kipande cha mwisho cha mkate, akajifuta vidole kwa karatasi, akaikunja.

Tavita akacheka hadi akashika uzio.

"Vitunguu?" akauliza.

"Vilikuwa chini."

"Haya basi," akasema, akaweka mdomoni kinga yake yenye kijindege, akaenda kucheza.

Walifungwa ishirini kwa kumi na nane na Mamba wa Port Hallam. Katika dakika ya mwisho Tavita alivuka mstari akiwa amebeba mpira na Mamba watatu, na wa tatu akaingiza mkono chini ya mpira. Mpira haukugusa nyasi, na kwenye raga usipogusa nyasi hakuna pointi. Ulikosa kwa unene wa mkono mmoja wa binadamu. Kipenga kikalia.

Merv alikaa juu ya sanduku la barafu. Tavita akaja akapiga magoti mbele yake, tope hadi kwenye nyusi. Ndipo Carmen akapita chini ya uzio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akakaa upande wa pili wa mzee.

"Nisamehe, Bwana Duggan," akasema. "Niliila."

Merv akamgeukia. "Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na chumvi kidogo."

Mzee akapangusa pua kwa jezi ya mtu. "Wanachoma vibaya hapa," akasema. "Mwakani njoo ule ya kwetu."

*

Jumatatu baada ya msimu ni Jumatatu ya Wendawazimu, siku ambayo wachezaji wa raga huvaa vituko na kuzurura mjini tangu asubuhi. Saa nne kamili Carmen alifungua mlango wa karakana. Njiani, chini ya jakaranda lililoanza kuchanua, zilisimama chupa kumi na tano za sosi zenye miguu minene, na Mzee Merv akiwa mkate. Mbele yao, katika mapazia ya rangi ya hudhurungi yaliyozungushwa tabaka juu ya tabaka, kilisimama kitunguu chenye kilo mia moja na kumi na mbili.

"Nina miadi," kikasema kitunguu. "Nina huzuni, kama ulivyosema."

"Ingia. Wao wabaki nje."

Ilibidi avue tabaka mbili kupita mlangoni. Carmen akakoroga udongo. Kalamu nyweleni, mikono thabiti.

"Uma. Usitikisike. Dakika tatu."

Akatega saa. Dirishani, chupa kumi na tano zilibandika nyuso kwenye kioo, akashusha pazia.

"Nimekusamehe," akaanza. "Nilikusamehe ulipotumia maji ya moto, kwa sababu mtu mwenye hila angejua." Akalinyoosha koti lake. "Kuna lile swali ambalo wanaume huuliza. Usiniulize leo. Hatujuani hata mwezi. Niulize msimu ujao ukiisha, Jumatatu, saa nne. Nimekwisha kuandika kwenye daftari." Akaitazama saa, si yeye. "Lakini usikae mwaka mzima na wasiwasi ukacheza vibaya, Bwana Duggan akanilaumu. Kwa hiyo nakupa jibu mapema. Ni ndiyo."

Zilikuwa zimebaki dakika moja na sekunde ishirini. Tavita aliambiwa asitikisike, na kwa kweli alijaribu. Alishika mikono ya kiti. Alitazama dari. Mabega yakaanza, kisha tabaka za kitunguu, kisha mashavu.

"Tavita, usicheke! Utaharibu! Tavita!"

Walirudia mara mbili, na mara zote mbili ikawa vilevile, hadi udongo ukaisha kwenye kopo. Carmen akatengeneza jino kwa alama ile aliyoipata. Ni jino zuri, imara, jeupe kama raba mpya. Ila mpaka leo, ukimtazama Tavita Leota kwa karibu, utaona limekaa upande kidogo, kama jino la mtu aliyepimwa akiwa anacheka.